Kupanda Farasi Tena Baada ya Miaka: Namna ya Kuyadhibiti Maumivu ya Misuli

Ukirudi kupanda farasi baada ya kuacha kwa miaka, siku yenyewe utashuka ukiwa na furaha, labda miguu imelegea kidogo tu. Maumivu huja kesho yake. Unaamka mapaja yamekakamaa, ngazi unaishuka kwa kushika ukuta, na kila ukiketi au kuinuka kiuno kinauma. Siku ya tatu huweza kuwa mbaya kuliko ya pili. Hapo wengi hukata tamaa wakiamini umri umewatupa mkono, na tandiko hurudishwa stoo.

Mwongozo huu umeandikwa ili usifike huko. Maumivu hayo hutokana na tofauti kati ya kazi uliyoipa misuli na kazi iliyoizoea, na tofauti hiyo unaweza kuipanga mwenyewe. Ukiipanga vizuri utaumwa kidogo, kwa siku chache, na mwezi wa pili utakuwa unapanda bila kufikiria miguu yako.

Kwetu Afrika Mashariki, kuacha kwa muda mrefu ni jambo la kawaida. Mbung'o, pamoja na ugonjwa hatari wa farasi unaoenezwa na visubi, vimefanya mnyama huyu awe mgumu kufuga sehemu nyingi. Ndiyo maana mabanda yako machache, na mengi yako nyanda za juu: Karen na Limuru, Gilgil na Laikipia kwa upande wa Kenya, pembezoni mwa Arusha na Kilimanjaro kwa upande wa Tanzania. Aliyejifunza shuleni, aliyepanda akiwa masomoni ng'ambo, au aliyetumikia Kikosi cha Mbwa na Farasi cha Polisi Tanzania, akihama mji tu anaweza kupitisha miaka bila kugusa hatamu. Kisha siku moja anaalikwa safari ya kutazama wanyama akiwa juu ya farasi, saa kadhaa kwa siku, na anakubali bila maandalizi. Huyo ndiye anayeumia kuliko wote.

Kwa nini unaumwa siku ya pili

Maumivu haya yamejulikana kitaalamu kwa zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1902 Mmarekani Theodore Hough aliandika kuhusu uchungu wa misuli unaochelewa, akaunasibisha na kuchanika kudogo ndani ya msuli wenyewe. Maelezo ya leo yanakaribiana na yake: kazi usiyoizoea huleta madhara madogo mno kwenye nyuzi za misuli, mwili huanza kuyakarabati, na ukarabati huo huambatana na uvimbe mdogo na uchungu. Kwa kawaida uchungu huanza kati ya saa 12 na 24 baada ya kazi, hufikia kilele kati ya saa 24 na 72, na huisha ndani ya siku tano hadi saba.

Wengi bado hulaumu asidi ya laktiki. Asidi hiyo huondoka misulini ndani ya takriban saa moja baada ya kupumzika. Haiwezi kuwa ndiyo inayokuamsha usiku wa pili.

Kinachoumiza misuli zaidi ni kazi ya kujizuia, pale msuli unapobeba uzito huku ukirefushwa. Kupanda farasi kumejaa kazi hiyo. Chukua mwendo wa matiti, yaani mwendo wa kati ambao farasi hunyanyua miguu kwa jozi za mshazari. Mpandaji huinuka na kuketi kwa kufuata mdundo, na kila anapoketi mapaja yake humshusha polepole ili asimwangukie farasi mgongoni. Kwa farasi wa kawaida hilo hutokea takriban mara 70 hadi 80 kwa dakika. Matiti ya dakika kumi tu ni kuchuchumaa nusu na kuinuka mara mia saba au zaidi, tena juu ya kitu kinachosogea.

Misuli inayolia zaidi ni ya ndani ya mapaja, ile inayovuta miguu ikaribiane. Baada yake hufuata makalio, misuli ya mbele ya nyonga, ya kiunoni, ya tumbo la chini, na mashavu ya miguu yanayovutwa kila unaposhusha kisigino. Maisha ya kila siku hayaipi misuli ya ndani ya mapaja kazi ya namna hii. Hata mtu anayekimbia kila asubuhi anaweza kuumwa vibaya akirudi kwenye farasi, kwa kuwa mbio hazimtanui nyonga wala hazimfundishi kubana na kulegeza kwa mpangilio.

Kuna habari njema pia. Msuli ukishapata dozi moja ya kazi hiyo na kupona, dozi ya pili inayofanana nayo humuumiza mtu kidogo kuliko ya kwanza, na kinga hiyo hudumu kwa wiki kadhaa. Dozi ya kwanza haihitaji kuwa kubwa ili ilete kinga. Ushauri wote unaofuata umejengwa juu ya jambo hilo.

Mwezi mmoja kabla ya kupanda

Anza nyumbani, mara tatu kwa wiki, dakika 15 hadi 20 kila mara. Huhitaji gym. Mkeka, ngazi moja na mpira wa watoto vinatosha.

1. Kuchuchumaa polepole. Tanua miguu kupita upana wa mabega, vidole vikielekea nje kidogo. Shuka kwa kuhesabu hadi nne, inuka kwa kuhesabu hadi mbili. Rudia mara nane, pumzika, kisha fanya tena. Kushuka polepole ndiko kunakokuandaa kwa matiti.

2. Hatua ya pembeni. Piga hatua pana upande wa kulia, kunja goti la kulia huku mguu wa kushoto ukibaki umenyooka, kisha rudi katikati. Fanya mara sita kila upande. Utausikia msuli wa ndani ya paja ukivutika. Ishia hapo kabla haujauma.

3. Kubana mpira. Lala chali, magoti yamekunjwa, mpira kati ya magoti. Bana kwa sekunde tano, legeza polepole kwa sekunde tano. Mara kumi.

4. Kunyanyua nyonga. Ukiwa umelala vivyo hivyo, inua makalio hadi mwili unyooke toka magotini hadi mabegani, kaa hapo kwa pumzi mbili, shuka taratibu. Mara kumi.

5. Kulalia viwiko. Jinyooshe kifudifudi ukiegemea viwiko na vidole vya miguu, tumbo limekazwa. Anza na sekunde 15. Tumbo lenye nguvu hukipunguzia kiuno mzigo.

6. Kushusha visigino. Simama ukingoni mwa ngazi kwa nusu ya mbele ya wayo, shika ukuta, shusha visigino chini ya ngazi polepole, kisha inuka. Mara kumi.

Zaidi ya hayo, kaa chini. Mtu aliyezoea kula na kuzungumza mkekani, akikunja miguu au akiitanua, huwa na nyonga laini kuliko anayetoka kwenye kiti cha ofisi akaingia kwenye kiti cha gari. Dakika kumi za kukaa mkekani kila jioni, mgongo wima na miguu imetanuliwa, zitakusaidia sana siku ya kupanda.

Wakati huohuo kagua vifaa. Ngozi iliyokaa miaka bila mafuta hukauka na kupasuka, kwa hiyo angalia kila mshono wa mikanda ya vikuku, vile vyuma vya kukanyagia, na wa mkanda wa tumbo la farasi. Kofia ngumu iliyowahi kupigwa chini kwa nguvu, au iliyozeeka kabatini, usiivae; watengenezaji wengi hushauri ibadilishwe kila baada ya takriban miaka mitano. Tafuta suruali ndefu isiyo na mshono mnene ndani ya mapaja, na viatu vyenye kisigino kifupi kinachouzuia mguu usipenye kwenye kikuku.

Siku ya kwanza

Unapopiga simu bandani, sema wazi kwamba umekaa miaka mingapi bila kupanda, na utaje uzito wako. Omba farasi mtulivu, mwenye mwendo laini na mgongo usio mpana sana. Mgongo mpana hukutanua nyonga kupita kiasi, na usiku wake utaujutia. Omba nusu saa. Wakikupa bei nafuu ya saa nzima, kataa.

Pasha mwili moto kabla ya kupanda. Tembea kwa haraka dakika tano, zungusha nyonga, bembeza kila mguu mbele na nyuma, kisha kando, mara kumi. Mvute nyuma mpinzani wako mkubwa wa siku hiyo, yaani pupa, kwa kumsaidia saisi (mtunza farasi) kumpiga farasi brashi na kumtandika: kazi hiyo hupasha mabega na kukurudishia mazoea ya kuwa karibu na mnyama.

Pandia kwenye kipandio au gogo imara. Kujivuta kutoka chini huweka mkazo wa ghafla kwenye kinena chako na kuupinda mgongo wa farasi upande mmoja.

Pima vikuku kabla hujakaa. Gusa kwa ncha za vidole chuma cha tandikoni kinachoshika ukanda, nyoosha mkono, kisha vuta kikuku kuelekea kwapani. Kikifika kwapani, urefu huo unafaa kuanzia. Vikuku vifupi mno hukunja magoti na kuyaumiza. Virefu mno hukulazimisha kuvifukuzia kwa vidole vya miguu, na mapaja hubaki yamebana muda wote.

Mkao sahihi hupunguza maumivu kuliko dawa yoyote. Mgiriki Xenophon, aliyeandika kitabu cha upandaji farasi katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alishauri mpandaji asikae kama mtu aliye kitini, ila kama aliyesimama wima miguu ikiwa imeachana. Walimu wa leo husema jambo lilelile kwa namna nyingine: sikio, bega, nyonga na kisigino viwe kwenye mstari mmoja ulionyooka. Ukikaa kama uliye kitini, miguu ikatangulia mbele, kiuno hubeba kila mshtuko.

Tumia dakika 20 kati ya zile 30 kwa mwendo wa kutembea. Usidhani unapoteza muda. Farasi anapotembea huzungusha nyonga zako mbele, nyuma na kando, na misuli hujifunza upya kufuata badala ya kupinga. Ukihisi uko sawa, fanya matiti kwa dakika moja, tembea dakika mbili, rudia mara mbili au tatu. Pumua kwa sauti. Anayezuia pumzi hukaza mapaja bila kujua. Acha kabisa kupanda bila vikuku, kuketi bila kuinuka kwenye matiti, na kupiga shoti. Hayo yana siku zake.

Shuka ungali na nguvu. Ukisubiri miguu itetemeke ndipo ushuke, umeshapita kipimo.

Siku tatu zinazofuata

Ukishuka, tembea dakika tano kabla ya kuingia garini. Kunyoosha misuli si vibaya ukipenda, lakini usikutegemee. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2011 yalionyesha kwamba kunyoosha kabla au baada ya mazoezi hakupunguzi maumivu haya kwa kiasi cha maana.

Kunywa maji ya kutosha, hasa kama ulipanda juani. Kula chakula chenye protini ambayo misuli hujikarabati nayo: mayai, samaki, dagaa, maharage, maziwa. Lala mapema. Oga maji ya moto, au kanda mapaja kwa kitambaa cha maji moto. Mtu akikuchua, aende polepole na kwa nguvu ya wastani, maana kukandamiza msuli uliojeruhiwa kunaongeza uchungu.

Siku ya pili usilale kitandani kutwa. Tembea dakika 20 kwenye ardhi tambarare, au ogelea taratibu kama uko karibu na bahari. Msuli unaosogezwa kidogo hupata nafuu ya saa kadhaa. Usifanye mazoezi mazito wala usipande siku hiyo, kwa sababu uchungu huja pamoja na kupungua kwa nguvu na wepesi. Mpandaji ambaye mapaja yake hayamsikii huanguka kwa jambo dogo.

Kuhusu vidonge, panadol inatosha kwa wengi, mradi ufuate kipimo kilichoandikwa. Dawa kama ibuprofen na diclofenac, ambazo huuzwa kirahisi madukani, zinaweza kudhuru figo za mtu aliyepungukiwa maji na kuchokoza vidonda vya tumbo. Mjamzito asizitumie bila daktari. Na usimeze kidonge ili upande. Uchungu ndio unaokuambia uishie wapi, na ukiuzima utazidisha dozi bila kujua.

Ratiba ya wiki sita

Wiki ya 1 na 2: panda mara mbili kwa wiki, dakika 30, ukiacha angalau siku mbili katikati. Sehemu kubwa iwe kutembea, na matiti ya dakika moja moja.

Wiki ya 3 na 4: dakika 40. Matiti ya dakika mbili hadi tatu kwa mfululizo, ukibadilisha upande wa mzunguko ili misuli ya kulia na ya kushoto ipate kazi sawa.

Wiki ya 5 na 6: dakika 45 hadi 60. Ongeza mbio ndogo kwa vipindi vifupi, na dakika chache za kukaa bila kuinuka kwenye matiti.

Ongeza kitu kimoja tu kwa wakati: ama muda, ama kasi, ama ugumu. Ikiwa siku ya tatu baada ya kupanda bado unaumwa sana, rudia wiki ileile. Nusu saa mara mbili kwa wiki inakujenga kuliko saa tatu Jumapili moja kwa mwezi. Bandu bandu huisha gogo.

Kama una safari ndefu ya farasi mbele yako, anza ratiba hii angalau miezi miwili kabla. Kabla ya kuondoka, hakikisha umewahi kukaa juu ya farasi kwa saa mbili mfululizo na ukaamka kesho yake ukitembea vizuri.

Maumivu ambayo si ya kawaida

Uchungu wa kawaida huwa pande zote mbili, huenea msuli mzima, huongezeka ukiubonyeza, na hupungua kila siku baada ya siku ya tatu. Yafuatayo ni mengine.

Ukisikia kitu kama kuchanika kwenye kinena au paja ghafla ukiwa juu ya farasi, kisha uvimbe au damu kuvilia, huo ni msuli uliochanika. Acha kupanda na umwone daktari.

Mkojo ukigeuka rangi ya kola au chai nzito, misuli ikavimba na kuuma kupita kiasi, nenda hospitali siku hiyohiyo. Misuli iliyovunjika kwa wingi humwaga protini inayoweza kuua figo.

Ganzi kati ya mapaja, miguu kuishiwa nguvu, au kushindwa kuzuia mkojo au choo ni dharura ya uti wa mgongo. Usisubiri asubuhi.

Uchungu wa kifandugu unaoendelea wiki baada ya wiki, hasa baada ya kugongwa na tandiko, unahitaji kuchunguzwa. Michubuko ya ngozi isafishwe kwa maji na sabuni, iachwe ikauke, na usipande tena hadi ipone. Ukianguka ukagonga kichwa, usirudi juu ya farasi siku hiyo hata kama unajisikia mzima.

Aliyejifungua karibuni, mwenye mifupa dhaifu, na mwenye historia ya maumivu ya mgongo, waanze kwa daktari kabla ya kwenda bandani.

Farasi naye ana misuli

Usijiandae kwa ajili yako peke yako. Mpandaji aliyechoka hubana magoti, huning'inia kwenye hatamu na kudundia mgongo wa farasi, na kila kosa lake humfikia mnyama mdomoni na uti wa mgongo. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008, farasi walibebeshwa asilimia 15, 20, 25 na 30 ya uzito wao. Walipobeba asilimia 25 na 30, misuli yao iliuma na kukakamaa zaidi. Mabanda mengi nayo huweka kikomo cha mpandaji pamoja na tandiko kuwa karibu asilimia 20 ya uzito wa farasi. Ukielezwa kwamba umepita kikomo, usikasirike. Omba farasi mkubwa zaidi, au uanze na masomo ya chini: kumwongoza, kumzungusha kwa kamba, kumtunza.

Ikiwa farasi wako mwenyewe naye amekaa malishoni muda mrefu bila kazi, ratiba ya wiki sita ni yake pia, na wiki za kwanza ziwe za kutembea tu. Baada ya kila zoezi pitisha kiganja mgongoni mwake kwa mkandamizo mdogo. Akiinamisha mgongo kukukwepa, akilaza masikio nyuma au kugeuka kutaka kuuma, anakuambia anaumwa. Kagua tandiko, na umpumzishe.

Basi, ndugu msomaji, usiache mapenzi yako ya zamani kwa kuogopa siku tatu za uchungu. Anza mazoezi ya mkekani leo jioni, na ujiwekee tarehe mwezi ujao. Siku ikifika, panda nusu saa, shuka, na urudi tena wiki hiyohiyo.